Kutoka Kituo cha Polisi hadi Kiti cha Hakimu: Maswali Ambayo Vijana wa Mombasa Huniuliza Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa na vijana wa Likoni, Kisauni, Changamwe na Mvita, na mara nyingine na wazazi wao, ambao huja wakiwa wameshika bahasha ya vyeti vya mtoto. Nilianza kazi nikiwa konstebo, nikapanda hadi inspekta na kuwa kiongozi wa mashtaka, nikasomea sheria nikiwa tayari mtu mzima mwenye watoto, nikaajiriwa kama wakili katika ofisi ya mashtaka ya umma, na nikastaafu nikiwa hakimu. Nimejibu kwa mujibu wa sheria na kwa yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Je, mtu mmoja anaweza kweli kupitia polisi, mashtaka na mahakama?

Anaweza, lakini asidhani kuna ngazi moja inayompandisha kutoka huku hadi kule. Hawa ni waajiri watatu tofauti. Askari huajiriwa katika Huduma ya Taifa ya Polisi, wakili wa mashtaka huajiriwa na Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na hakimu huajiriwa na Tume ya Huduma ya Mahakama, ambayo wengi huiita JSC. Hakuna barua ya uhamisho inayomtoa afisa kituo cha Makupa na kumweka kwenye kiti cha hakimu. Kila mara unaomba upya, unahojiwa upya, na mara nyingi unaanza tena chini ya watu uliowazidi umri. Mimi nilipoingia ofisi ya mashtaka nikiwa wakili mpya, mkubwa wangu alikuwa binti ambaye nilipoanza kazi ya polisi alikuwa bado shule ya msingi, na nilijifunza mengi kwake.

Kazi hizi tatu zinatofautiana wapi, ilhali zote zinahusu kesi ileile?

Nadhani hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na ningependa kijana alielewe kabla ya kufikiria mshahara au sare. Kitu kinachoziunganisha kazi hizi ni jalada la kesi. Jalada huzaliwa kituoni likiwa na karatasi moja au mbili, likanenepa mikononi mwa mpelelezi, likapelekwa kwa wakili wa mashtaka, na yaliyomo yakafika mbele ya hakimu kwa vinywa vya mashahidi. Kila mmoja ana wajibu wake juu ya jalada hilo, na kila mmoja ana siku ambayo lazima aliachilie.

Mpelelezi hutafuta. Akishakabidhi, si kazi yake tena kusema nani ana hatia. Wakili wa mashtaka hupima kama kilichotafutwa kinatosha, na ana wajibu wa kumpa mshtakiwa mapema ushahidi anaokusudia kuutumia, hata ule unaoweza kumsaidia mshtakiwa kujitetea. Hakimu hasomi jalada la polisi nyumbani kisha akaja na uamuzi mfukoni. Husikiliza kile kinachosemwa mbele yake, na kisichosemwa hakina nafasi katika hukumu.

Anayehama kutoka kazi moja hadi nyingine hubeba ujuzi wake, na huo ni mtaji mkubwa. Lakini hubeba pia mazoea, na mazoea hayo yasipoachwa mlangoni humdhuru mtu asiye na hatia. Nitalirudia jambo hili chini, kwa sababu mimi mwenyewe lilinitaabisha.

Nikitaka kuanzia polisi, natakiwa niwe na nini?

Uwe raia wa Kenya, uwe na afya njema na rekodi safi, na uwe umefikisha miaka 18. Katika usajili wa miaka ya karibuni, makonstebo wametakiwa kuwa na wastani wa D+ katika mtihani wa kidato cha nne. Usajili hutangazwa hadharani na haulipiwi hata shilingi moja. Mzazi anayeuza kiwanja cha familia ili kumpa mtu anayedai ana jamaa makao makuu anatenda kosa na anaibiwa kwa wakati mmoja. Wenye shahada wanaweza kuomba nafasi za kadeti zinapotangazwa, ambapo huanzia daraja la inspekta baada ya mafunzo. Chuo kinachojulikana zaidi ni cha Kiganjo, karibu na Nyeri, ambako kijana wa Pwani hukutana kwanza na baridi kabla hajakutana na gwaride.

Ukonstebo una faida gani kwa mtu anayetaka hatimaye kuwa mwanasheria?

Una faida ambayo chuo kikuu hakiwezi kuitoa. Kituoni kuna kitabu cha matukio, kile ambacho kila Mkenya hukiita OB. Kila anayekuja kulalamika, kila anayekamatwa, kila kitu kinachochukuliwa na kila kinachorudishwa huandikwa humo kwa wino, kwa nambari, tarehe na saa. Konstebo aliye zamu ya usiku huiona sheria ikianza hapo, na huona jinsi mstari mmoja unavyoweza kumwokoa mtu au kumpoteza.

Nitatoa mfano. Nikiwa kiongozi wa mashtaka nililetewa kesi ya wizi kutoka kituo ambacho sitakitaja. Mashahidi walikuwa wazuri, na simu iliyoibwa ilikuwa imepatikana. Simu yenyewe ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, na juu ya bahasha kulikuwa na nambari ya kesi, lakini katika OB hapakuwa na mstari hata mmoja unaoonyesha ni nani aliyeipokea kutoka kwa askari aliyemkamata mshukiwa, wala ilikaa wapi kwa siku nne. Wakili wa utetezi aliuliza swali moja tu: katika siku hizo nne, bahasha ilikuwa mikononi mwa nani? Hakuna aliyeweza kujibu. Hakimu alimwachilia mshtakiwa, na alifanya sawa. Mama aliyeibiwa, muuza samaki, alitoka nje akanitazama bila kusema neno. Tangu siku hiyo sikuwahi kupokea kielelezo bila kuuliza kimepita kwa nani na nani.

Sheria ya saa 24 nayo huijua vizuri zaidi aliyewahi kulinda selo. Katiba, katika Ibara ya 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa hizo, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa saa hizo zimeishia nje ya muda wa kazi. Katika vitabu ni kifungu cha mistari michache, ila kwa mtu aliyelala sakafuni Ijumaa usiku akingoja Jumatatu, kila saa ina uzito wake.

Zamani polisi ndio walioongoza mashtaka. Kwa nini siku hizi ni mawakili?

Kwa miaka mingi, katika mahakama za mahakimu, mashtaka yaliongozwa na maafisa wa polisi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Sheria ilitaka afisa huyo asiwe chini ya daraja fulani, na mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ilieleza waziwazi kwamba kesi iliyoendeshwa na askari wa daraja la koplo, asiye na mamlaka hayo, ilikuwa batili. Wafungwa wengi walikata rufaa kwa msingi huo, na sisi tuliobaki tukaanza kukagua daraja letu kabla ya kusimama.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Katiba ya mwaka 2010. Kabla yake, kazi ya mashtaka ilikuwa chini ya Mwanasheria Mkuu. Ibara ya 157 iliunda ofisi huru ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye hutumikia miaka minane pasipo kurudia, na ambaye haombi idhini ya mtu yeyote ili kuanzisha kesi wala hapokei amri ya mtu. Sheria ya ofisi hiyo ilipitishwa mwaka 2013, na hatua kwa hatua mawakili wakachukua nafasi za polisi mahakamani.

Kuna wenzangu waliohuzunika kuvuliwa kazi waliyoipenda. Niliwaelewa, lakini niliyaunga mkono mabadiliko haya na ninayaunga mkono hadi leo. Afisa aliyekula chakula na mpelelezi asubuhi hawezi kwa urahisi kumwambia mchana kwamba ushahidi wake hautoshi.

Ni nani basi huamua mtu ashtakiwe?

Ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kupitia mawakili wake. Maswali wanayojiuliza ni mawili, na mpangilio wake ni muhimu: kwanza, ushahidi uliopo unatosha kuleta tumaini la haki la kumtia mtu hatiani? Pili, kumshtaki kuna maslahi kwa umma? Likikosekana jibu la swali la kwanza, la pili halifikiwi, hata kama mtaa mzima una hasira. Mkurugenzi anaweza pia kumwelekeza Inspekta Jenerali wa polisi achunguze jambo fulani, na Inspekta Jenerali hana budi kutii. Lakini akitaka kuiondoa kesi iliyokwisha kuanza, lazima apate ruhusa ya mahakama.

Nitasomaje sheria nikiwa kazini?

Kwa shida, na kwa ruhusa ya mkubwa wako. Shahada ya sheria huchukua miaka minne kwa kawaida, na ili upokewe unahitaji wastani wa C+ pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Baada ya hapo kuna Chuo cha Sheria cha Kenya kilichoko Karen, Nairobi, na miezi ya mafunzo ya vitendo chini ya wakili mzoefu, kisha kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Mimi nilisoma nikibadilishana zamu na wenzangu, nikiandika muhtasari katika kivuko cha Likoni wakati wa kwenda na kurudi. Kama una mke au mume, kaa naye umweleze mapema, kwa maana ni yeye atakayeubeba mzigo huo.

Hakimu huteuliwaje, na jaji je?

Nafasi za hakimu hutangazwa na JSC, na waombaji huwa mawakili wa Mahakama Kuu wenye uzoefu. Madaraja ni matano, kuanzia hakimu mkazi hadi hakimu mkuu, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015 imeweka kiwango cha madai ambacho kila mmoja anaweza kusikiliza: hakimu mkazi shilingi milioni 5, na hakimu mkuu hadi milioni 20. Katika jinai, hakimu husikiliza makosa mazito ukiwemo wizi wa mabavu, lakini kesi ya mauaji ni ya Mahakama Kuu.

Jaji wa Mahakama Kuu anahitaji uzoefu wa miaka isiyopungua 10, na miaka ya uhakimu huhesabiwa. Wa Mahakama ya Juu anahitaji 15. JSC huwahoji hadharani, kisha hupeleka majina kwa Rais kwa uteuzi. Hapo ndipo taifa lilipojifunza somo gumu: mwaka 2019 JSC ilipendekeza majina 41, nayo yakakaa, mmoja akafariki akisubiri, Juni 2021 Rais aliwateua 34, na sita waliobaki hawakuapishwa hadi Septemba 2022, chini ya Rais mwingine. Kati ya waliosubiri walikuwamo watumishi wa mahakama wenye rekodi ndefu. Ninasema kwa uzito wote kwamba ucheleweshaji ule uliwaumiza wananchi kuliko ulivyowaumiza majaji wenyewe, maana kesi za mirathi na ardhi zilizidi kungoja watu wa kuzisikiliza.

Kuhama kutoka mashtaka hadi uhakimu kuna ugumu gani?

Wiki yangu ya kwanza nikiwa hakimu, wakili wa mashtaka alikuwa akimuuliza shahidi kuhusu shambulio lililotokea usiku. Alimuuliza kila kitu isipokuwa mwanga: taa ilikuwapo au haikuwapo, ilikuwa umbali gani, alimtazama mshambuliaji kwa muda gani. Nililijua pengo lile kwa sababu nililiziba mwenyewe mara mia nikiwa upande ule. Swali lilinijia hadi ncha ya ulimi. Sheria inamruhusu hakimu kuuliza ili aelewe lililosemwa, ila mimi nilijua moyoni kwamba sikutaka kuelewa. Nilitaka kuisaidia kesi. Nikainamisha kichwa, nikaandika kwa mkono alichokisema shahidi, na nikaacha kile ambacho hakukisema.

Mshtakiwa yule hakuwa na wakili. Kama ningeuliza swali lile, angekuwa anapambana na watu wawili, mmoja wao akiwa ndiye atakayemhukumu. Niliporudi ofisini mikono ilikuwa inatetemeka kidogo. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuzoea kunyamaza.

Mtu aliyekuwa polisi anaweza kweli kumtendea haki mshtakiwa?

Anaweza, na wakati mwingine anajua zaidi pa kutilia shaka. Niliposoma taarifa tano za mashahidi zenye sentensi zilezile, nilijua ziliandikwa na kalamu moja. Lakini kesi niliyowahi kuigusa nikiwa polisi au kwenye mashtaka sikuisikiliza kamwe. Nilijiondoa siku ya kwanza na kueleza sababu mbele ya wote. Mshtakiwa naye ana haki ya kuomba hakimu ajiondoe, na hakimu asilichukue ombi hilo kama tusi.

Kadhi naye ni hakimu?

Mahakama ya Kadhi ni mahakama ya chini inayotambuliwa na Katiba, katika Ibara ya 169 na 170. Husikiliza mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Haisikilizi jinai. Mahakama hizi zina historia ndefu katika pwani yetu, na kulindwa kwake kulikuwa sehemu ya makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya serikali ya Kenya na ya Zanzibar kuhusu ukanda wa maili kumi. Kijana aliyesoma fiqhi asidhani mlango huu ni mdogo. Kesi za mirathi za Mji wa Kale zinahitaji akili pevu kama za bandarini.

Je, kuna kazi za sheria ambazo ni za Mombasa hasa?

Zipo, na zinatokana na bahari. Mwaka 2006 mahakama ya Mombasa iliwahukumu Wasomali kumi, waliokuwa wamekamatwa baharini na jeshi la majini la Marekani, kifungo cha miaka saba kila mmoja kwa uharamia. Kesi zikaongezeka, na mwaka 2010 mahakama yenye ulinzi mkali ikafunguliwa Shanzu, karibu na gereza la Shimo la Tewa. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaamua kwamba Kenya haikuwa na mamlaka juu ya makosa yaliyotendwa mbali na maji yake. Oktoba 2012 Mahakama ya Rufaa ikatengua uamuzi huo, kwa kuwa haramia ni adui wa mataifa yote. Kesi za dawa za kulevya na pembe za ndovu zinazopitia bandarini nazo hudai wapelelezi wanaojua kusoma hati za shehena. Za watoto husikilizwa Tononoka, na zinahitaji moyo wa aina nyingine kabisa.

Ukipita karibu na Fort Jesus, ambayo wenyeji tunaiita Ngomeni, tazama jengo la mahakama ya kale la mwaka 1902. Ngome yenyewe ilikuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, kwa hiyo mtu aliweza kuhukumiwa na kufungwa ndani ya hatua chache.

Lugha ya mahakama ni ipi?

Katika Mahakama Kuu ni Kiingereza. Katika mahakama za chini, sheria ya mwenendo wa jinai inaruhusu Kiingereza au Kiswahili, lakini kumbukumbu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo penye hatari. Mzee mmoja wa Likoni alieleza kwamba jirani yake alimwambia, "Utanitambua." Mkalimani, ambaye hakuwa mtu wa Pwani, alilitafsiri neno kwa neno, kana kwamba jirani alikuwa akijitambulisha. Kilichokuwa kitisho kikawa salamu. Nilisimamisha kesi, nikamwomba mzee aeleze alielewa nini, na nikaandika maneno yake kwa Kiswahili kama alivyoyatamka. Kiswahili chako ni chombo cha kazi hii, nacho kinahitaji kunolewa kama unavyokinoa Kiingereza.

Nitawajibu nini jamaa wanaotaka niwasaidie kesi?

Mombasa kila mtu ni binamu wa mtu. Watakuja usiku, watakuja na tende, watamtanguliza shangazi. Mimi nilimwambia mama yangu mapema kwamba habari ya kesi isiletwe nyumbani kwetu, na yeye ndiye aliyenilinda mlangoni kwa miaka yote. Mtumishi wa umma hutangaza mali yake kila baada ya miaka miwili, na anayeona ameonewa na polisi anaweza kwenda kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, ambayo ina ofisi hapa Mombasa, au kumlalamikia hakimu kwa JSC. Mweleze jamaa yako njia hizo, umsindikize hata hadi mlangoni pa ofisi husika, lakini faili usiliguse.

Kustaafu na pensheni je?

Polisi wengi na mahakimu hustaafu wakiwa na miaka 60; jaji hufika 70, na anaweza kuchagua kuondoka baada ya 65. Tangu Januari 2021 kuna mpango wa watumishi wa umma ambapo mfanyakazi huchangia asilimia 7.5 ya mshahara na serikali asilimia 15. Unapobadilisha mwajiri, uliza kwa maandishi miaka yako ya nyuma itahesabiwaje, na barua ya majibu uitunze. Mimi nilichelewa kuuliza, na nilihangaika na karatasi kwa miezi mingi.

Nianzie wapi?

Anzia mahakamani. Kesi husikilizwa hadharani, na raia yeyote anaruhusiwa kuingia na kukaa nyuma, isipokuwa pale mahakama inapofungwa kwa sababu maalumu kama kumlinda mtoto. Nenda asubuhi, mapema, wakati wa kesi kutajwa, ambapo faili arobaini zinaweza kupita kabla ya saa tano. Mtazame askari aliyeleta washtakiwa, umtazame wakili wa mashtaka anavyotafuta karatasi, kisha umtazame hakimu akiandika. Kaa siku tatu, kisha ujiulize ungependa kuwa nani kati yao. Valia nadhifu, na simu uizime kabla ya kuingia.